Homolojia: dishi linalopinda bila kupoteza umbo

Aliyewahi kupanda juu ya bati kutega dishi la televisheni anajua kuwa likisogea kidogo tu, picha inapotea. Wanajimu wa redio, yaani wanasayansi wanaochunguza nyota kwa mawimbi ya redio, wana tabu kubwa zaidi, maana dishi lao linaweza kuwa na kipenyo cha mita 100 na linatakiwa kugeuka kila upande wa anga.

Dishi la namna hiyo lina umbo la parabola, yaani mviringo ulioingia ndani kama bakuli. Mawimbi yanayotoka kwenye nyota hulipiga, yakadunda na kukutana mahali pamoja, kwenye fokasi, palipofungwa kipokezi. Umbo likiharibika, mawimbi hutawanyika. Kwa kawaida kasoro inayovumilika ni kama sehemu moja ya 16 ya urefu wa wimbi: wimbi la sentimita 1 linavumilia milimita 0.6 tu. Na chuma hupinda kwa uzito wake. Ukiongeza vyuma ili kuzuia kupinda, unaongeza uzito uleule unaopindisha.

Aliyelifungua fundo hili ni Mjerumani Sebastian von Hoerner, aliyezaliwa Görlitz mwaka 1919. Alikuwa mtu wa hesabu ndefu: mwaka 1960, akiwa Heidelberg, alitumia kompyuta ya Siemens kufuatilia jinsi nyota 16 zinavyovutana zote kwa pamoja, kazi ambayo wakati huo karibu hakuna aliyekuwa ameijaribu. Baadaye alihamia kituo cha darubini za redio cha Green Bank, Marekani, na huko ndiko alikoeleza homolojia, mwaka 1967.

Asili ya neno ni Kigiriki, lenye maana ya kuafikiana. (Wanabiolojia nao wanalo, kwa maana yao nyingine.) Kwa von Hoerner lilikuwa na maana hii: acha dishi lipinde, ila lipinde kutoka parabola moja kwenda parabola nyingine. Fokasi itahama, nawe utakisogeza kipokezi kuifuata. Basi.

Ugumu uko kwenye fremu. Tazama bati la nyumba: juu ya papi limekaza, kati ya papi na papi linabonyea. Dishi la kawaida hufanya vivyo hivyo, likajaa vilima na mabonde. Von Hoerner alitaka kila nukta ya uso ishikiliwe kwa ulaini uleule, pasiwe na sehemu iliyokaza kuliko jirani yake. Binafsi naona hapo ndipo palipo na uzuri wote wa wazo hili: alilegeza pale ambapo wengine walikaza.

Dishi la darubini ya redio ya Effelsberg, Ujerumani, kwenye bonde la milima ya Eifel karibu na Bonn, lilijengwa kwa kanuni hiyo na kuanza kazi mwaka 1972. Darubini hiyo ina kipenyo cha mita 100 na uzito wa tani 3,200. Inapoinama kutoka utosini kuelekea upeo wa macho, uso wake hupinda kwa sentimita kadhaa, na kila inapoinama kipokezi husogezwa kuifuata fokasi mpya. Von Hoerner alifariki mwaka 2003. Darubini hiyo ingali inafanya kazi.