Zumu ya kila siku ni lenzi gani, na inapimwaje

Zumu ya kila siku ni lenzi ambayo mpiga picha huiacha kwenye kamera anapotoka bila kujua atakutana na nini. Upande mmoja ina upana wa kuingiza familia nzima iliyojipanga sebuleni. Katikati inaona karibu sawa na jicho. Upande wa pili inavuta kiasi cha kupiga uso na mabega bila kumsogelea mtu mpaka akakosa raha. Kwa DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) yenye sensa kamili, yaani kipande kinachopokea picha cha milimita 36 kwa 24 kama fremu ya filamu, lenzi hizi huandikwa 24-70, 24-105 au 24-120, kwa milimita: namba ndogo ni upande mpana, kubwa ni upande wa kuvuta. Kwa kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, utakuta 18-55, 17-50, 17-55, 16-80, na zile zinazovuta zaidi za 18-135 na 18-140.

Tofauti hiyo ya sensa huwapoteza wanunuzi wengi. Sensa ndogo huona sehemu ya kati tu ya picha ambayo sensa kamili ingeiona yote, kwa hiyo ili kulinganisha unazidisha milimita kwa 1.6 ukiwa na Canon, au kwa 1.5 ukiwa na Nikon. Lenzi ya 18-55 kwenye Canon ya sensa ndogo inaona kama 29-88. Sasa mtu amesikia kwamba 24-70 ndiyo lenzi ya wataalamu, anaichukua kwa pesa nyingi na kuifunga kwenye kamera hiyohiyo. Anapata 38-112. Kwa sura za watu itamfaa sana, lakini chumbani atarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado shangazi wawili watabaki nje ya picha.

Zumu haipimwi katikati. Karibu kila zumu, hata ile nyepesi inayokuja ndani ya boksi la kamera, hutoa picha kali ukiiweka kwenye milimita 35 na f/8 mchana wa jua (namba ya f ni ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Zinaachana kwenye ncha zake mbili, ile pana na ile ya kuvuta, na tundu likiwa limefunguliwa lote. Sababu iko ndani ya lenzi yenyewe. Zumu ni makundi ya vioo yanayosogea, kila kundi kwa mwendo wake, na kasoro ya kundi moja hufutwa na jingine. Mizani hiyo ni rahisi kuishika katikati ya safari kuliko mwanzoni au mwishoni. Na ncha ndizo tunazozitumia zaidi: chumba kikiwa kidogo unafungua mpaka mwisho, mtu akiwa mbali unavuta mpaka mwisho. Chukua picha zako 200 za karibuni, angalia kwenye kompyuta kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Usishangae ukikuta 18 na 55 zimejaa, na za katikati ni za kuhesabu.

Tundu lenyewe, ambalo wapiga picha wanaliita apacha, ndilo linaloamua bei. Ukisoma f/3.5-5.6 kwenye lenzi ya 18-55, maana yake ni kwamba kwenye 18 tundu linaweza kufunguka hadi f/3.5, lakini unavyovuta uwezo huo unapungua, na ukifika 55 huwezi kupita f/5.6. Lenzi iliyoandikwa f/2.8 peke yake inabaki na f/2.8 toka mwanzo hadi mwisho. Kati ya f/5.6 na f/2.8 mwanga unaoingia ni mara nne. Weka hesabu hiyo kwenye ukumbi wa harusi usiku. Kwa ISO 3200, yaani kiwango cha usikivu wa sensa kwa mwanga, tuseme f/2.8 inakupa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, wa 1/125 ya sekunde. Kwa f/5.6 unashuka hadi 1/30, na kwa 1/30 mkono wa bibi harusi unaopeleka kipande cha keki mdomoni mwa mumewe unatoka kama moshi, ingawa meza na maua viko kali. Ukitaka kurudi 1/125 lazima upandishe ISO hadi 12800, na hapo chembechembe zinakula rangi ya ngozi. Apacha kubwa ina faida nyingine isiyosemwa sana: ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia unaona kweupe zaidi, na DSLR nyingi zina nukta ya fokasi (mahali kamera inaposhika ukali wa picha) ya katikati inayofanya kazi kwa usahihi mkubwa zaidi ikipata lenzi ya f/2.8.

Kidhibiti mtikisiko, kile kinachoandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OS kwa Sigma na VC kwa Tamron, hakichukui nafasi ya apacha. Kinatuliza mtetemo wa mikono yako tu. Kwa jengo, mandhari au chakula mezani kinasaidia sana. Unaweza kushuka hadi 1/15 na bado picha ikawa kali. Mtoto anayekimbia hakimsimamishi.

Baada ya maandishi kwenye boksi ndipo kazi yenyewe inaanza, kwa sababu lenzi mbili za jina moja zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Unapima ile iliyo mkononi mwako. Bandika kurasa tano za gazeti ukutani: moja katikati, nne kwenye pembe za mstatili wenye upana wa mita 2.4 hivi na kimo cha mita 1.6. Maandishi madogo ya matangazo ndiyo yanayofaa. Funga kamera kwenye tripodi, kimo chake sawa na ukurasa wa kati. Kwa sensa ndogo na milimita 18, simama kama mita 2 kutoka ukutani. Kwa 55 rudi hadi mita 6, ili kurasa zilezile zijaze fremu. Kamera lazima iutazame ukuta uso kwa uso. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kubandika kioo kidogo cha kujitazamia, kimelala bapa juu ya ukurasa wa kati. Chungulia kwenye kamera: ukiiona lenzi yako yenyewe katikati kabisa ya fremu, uko sawa. Ikionekana pembeni, zungusha kamera na kuisogeza hadi irudi katikati.

Weka ISO 100, saa ya kujipiga ya sekunde 2, na uzime kidhibiti mtikisiko, kwa maana juu ya tripodi baadhi ya vidhibiti hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha wenyewe. Zima pia marekebisho ya lenzi kwenye menyu ya kamera, la sivyo utakuwa unaipima programu. Fokasi ishike kwa kutumia skrini ya nyuma, ukikuza ukurasa wa kati mara 10. Kisha piga kwa tundu lililofunguliwa lote, halafu f/5.6 kama bado hujaipita, f/8 na f/11. Rudia kwenye ncha zote mbili na mara moja katikati. Picha zitazame kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Skrini ya kamera inaficha mengi.

Pembe kuwa laini kuliko katikati tundu likiwa wazi ni jambo la kawaida hata kwa lenzi za gharama. Zinapaswa kukaza unavyofunga, na kwenye f/8 uweze kusoma tangazo la kona kama la katikati, au karibu sawa. Zisipokaza hata kwa f/8, lenzi hiyo ni dhaifu. Ukiona picha inalainika tena kwenye f/16 na f/22, usiilaumu lenzi: mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo sana husambaa, na hakuna kioo kinachoepuka hilo.

Kasoro ya kuiogopa zaidi ni kona moja au upande mmoja kufifia huku upande wa pili ni mkali. Mara nyingi maana yake ni kwamba kioo kimoja ndani kimekaa upande, labda tangu kiwandani, labda baada ya lenzi kuanguka. Kabla ya kuirudisha, geuza kamera juu chini kwenye tripodi, ipange tena kwa kile kioo cha kujitazamia, na upige picha ileile. Kama ukurasa uliofifia ni uleule wa mwanzo, kosa ni la mpangilio wako. Kama kufifia kumehamia ukurasa wa upande wa pili wa ukuta, kosa ni la lenzi. Kasoro hii haitibiki kwa kompyuta, na ufundi wake ni ghali. Nakala ya namna hiyo ikatae hata ikipunguzwa bei.

Jaribio la fokasi ya kawaida lifanye peke yake. Fungua tundu lote, lenga ukurasa wa kati kupitia kitundu cha kutazamia, piga picha 10, na kabla ya kila moja vuruga fokasi kwa makusudi. Zilinganishe na ile uliyoshika kwa skrini. Zote 10 zikiwa laini kwa namna moja, lenzi na kamera havijapatana: fokasi inaangukia mbele au nyuma ya unapolenga. Kamera za daraja la kati na la juu huwa na menyu ya kurekebisha hilo, lakini pima ncha zote mbili, maana huenda 18 ikahitaji marekebisho tofauti na 55. Zikiwa baadhi kali na baadhi laini bila mpango, na mwanga ulikuwa wa kutosha, iangalie motor ya fokasi.

Kuna kasoro ambazo mimi sizihesabu sana. Mistari kubinuka kwenye milimita 18, giza kidogo kwenye pembe, na uzi wa zambarau au kijani kando ya majani ya mnazi yaliyo mbele ya anga jeupe: hivyo vyote programu ya kuhariri inavisafisha kwa kubofya mara moja. Anayepiga majengo awe mkali zaidi. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ukiujaza kwenye fremu kwa 18, miimo yake hutoka imevimba kama pipa, na ukiinyoosha unapoteza kipande cha kingo. Mwako wa taa, kinyume chake, haufutiki. Weka taa moja kwenye kona ya fremu na uone kama picha nzima inapauka.

Kwa lenzi iliyotumika, macho na vidole vinakuambia mengi. Elekeza lenzi chini: ikirefuka yenyewe kwa uzito wake, imelegea, na itakusumbua unapopiga vitu vya mezani kutoka juu. Shika mdomo wa mbele uutikise taratibu. Mchezo mdogo sana unavumilika, kugonga hakuvumiliki. Piga picha kwa f/11 kwenye ncha zote mbili na mahali kadhaa katikati. Kamera ikitoa ujumbe wa hitilafu mahali fulani tu pa zumu, kwa Canon mara nyingi Err 01, shuku ule utepe mwembamba wa umeme unaojikunja kila unapovuta. Huchoka na kupasuka. Kama unatumia kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji, angalia kama mdomo wa mbele unazunguka unaposhika fokasi, kama kwenye 18-55 nyingi za zamani, maana kila fokasi mpya itakuvurugia kichujio.

Halafu washa tochi, fungua tundu lote, na uichungulie kutoka nyuma kwa pembe. Vumbi kidogo halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu. Miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja ina unyevu wa kuilisha, hasa lenzi ikikaa miezi ndani ya begi la ngozi kabatini. Ikishakula mipako ya kioo, hata fundi akiisafisha alama inabaki. Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vilivyokaushwa kila vinapolowa linatosha kuizuia.

Hakikisha pia lenzi inaoana na kamera. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S, yaani za sensa ndogo, hazifungiki kwenye DSLR zake za sensa kamili. Nikon DX, ambazo nazo ni za sensa ndogo, zinafungika kwenye sensa kamili, ila kamera inakata picha. Na Nikon ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina motor ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF tu utazishika fokasi kwa mkono.

Kwa mwenye kamera ya sensa ndogo anayepiga watu ndani ya nyumba, ningemshauri 17-50 f/2.8 ya Tamron au Sigma iliyotumika na kupimwa vizuri, kabla ya 18-140 mpya. Atapoteza uwezo wa kuvuta, lakini kazi yake haiko mbali. Msafiri anayebeba lenzi moja mchana kutwa ana haki ya kuchagua 18-135. Uzito nao upimwe: 18-55 f/3.5-5.6 ya Canon iliyoandikwa STM (jina la aina ya motor ya fokasi) ina gramu 205, wakati 17-55 f/2.8 ya kampuni hiyohiyo ina gramu 645, na saa ya nne ya harusi kifundo cha mkono kinaitambua tofauti hiyo. Ukienda kununua, nenda na kamera yako na kadi yako ya kumbukumbu, piga picha za ncha zote mbili hapohapo dukani, na uzitazame kwenye kompyuta kabla pesa haijatoka mfukoni.