Mabaka kwenye kadi za kuchapa kwa lino hayaondoki kila mara kwa kuongeza wino

Jamani, hili la "ongeza wino" limenichosha. Mtu amechonga mchoro kwenye lino (ile shiti laini ya kuchonga), kaupaka wino kwa rola na kulaza karatasi juu yake, kadi yake imetoka na mabaka meupe, anauliza afanyeje, na kila mtu anamwambia aongeze wino. Anaongeza, mabaka yanazidi, anaambiwa aongeze tena! Mara nyingine mabaka hayo yanatokea kwa sababu wino ni mwingi mno.

Weka wino kidogo tu kwenye kipande cha kioo, viringisha rola juu yake, na kila ukifika mwisho inua rola izunguke hewani kidogo ndio urudi, maana usipoinua upande uleule unagusa palepale na upande mwingine haupati kitu. Halafu sikiliza. Wino ukizidi rola inanata na kulia chwa-chwa-chwa, na ukiutazama kwenye mwanga una vijibonde kama ganda la chungwa. Ukiwa sawa unasikia sss nyembamba tu na uso umelala. Wino mnene ukibanwa na karatasi unakimbilia pembeni na kuziba mistari uliyochonga kwenye lino, na ukibandua karatasi nusu unabaki huku nusu unakuja kule. Unataka rangi kali? Pitisha koti nyembamba mbili tatu, halafu sugua mgongo wa karatasi na kijiko, hasa manila ile yenye uso wa kukwaruza.

Sasa kuna kitu mafunzo mengi yanakiruka. Koti nyembamba inakauka haraka, na kwa joto la Dar mwezi wa pili, feni ikiwa juu yako, wino wa maji unaweza kukauka kabla hujalaza karatasi, na mabaka yake yanafanana sana na yale ya wino kuzidi. Mimi mwenyewe kwa kuangalia kadi tu sio kila mara najua ni lipi, lazima niguse lino kwa kidole, kama hainati basi umekauka. Zima feni, changanya tone la glisarini, ukizidisha hiyo nayo kadi haikauki. Wino wa mafuta unakupa muda, ila subiri siku kadhaa kabla ya kuitia kwenye bahasha.

Wale wa karatasi za zawadi mnaozungushia uzi kwenye rola mnapiga moja kwa moja kwenye kaki, nyie pia msikimbilie kuongeza wino. Rola ya kipenyo cha sm 4 inamaliza mzunguko kwenye sm 12.5 hivi, baada ya hapo inatoa wino uliobaki, lazima rangi ipungue. Usirudi nyuma kujazia, uzi hautui palepale na mchoro unavurugika. Acha ufifie, mimi naona ndio uzuri wake.

Usafi ni rahisi, wino wa mafuta unatoka kwa mafuta ya kula kisha sabuni. Ila rola ya mpira usiilaze kifudifudi, ining'inize, ikikaa hivyo muda mrefu inapata bapa na kila mzunguko utaona mstari uleule.