Nahau za Kiingereza kuhusu mafanikio, ucheleweshaji na wakati: tuanze na zilikotoka

Anayejifunza Kiingereza akifungua orodha ya nahau za mafanikio hukuta "make headway", "turn the corner", "win hands down" na "come through with flying colours" zimepangwa pamoja, na mbele ya kila moja pameandikwa "kufanikiwa" au neno linalokaribiana nalo. Orodha hiyo haisemi uongo, lakini inaficha jambo ambalo mimi, katika kazi ya kufundisha lugha na kuhariri tafsiri, naliona kuwa la msingi: kila nahau ilizaliwa katika shughuli fulani ya watu, na shughuli hiyo, hata wasemaji wenyewe wakiwa wameisahau, bado ndiyo inayoamua nahau itumike kwa nani, katika hali gani na kwa uzito gani. Kampuni inayopata faida mwaka hadi mwaka haisemwi kuwa "has turned the corner", kwa sababu kona hiyo hukatwa na aliyekuwa taabani na sasa ameanza kupata nafuu. Mgonjwa huikata, biashara iliyokaribia kufilisika huikata, lakini ambaye hajawahi kuyumba hana kona ya kukata.

Bahari imechangia sana katika nahau hizi. "Headway" ni mwendo wa chombo kwenda mbele, na chombo cha matanga mara nyingi husonga kwa kushindana na upepo, mawimbi au mkondo. Ndiyo maana "make headway" hubeba wazo la ukinzani, na ndiyo maana tunaikuta mara nyingi katika ukanushi: wapatanishi "made no headway", yaani walikutana, wakazungumza, wakaachana palepale walipoanzia. "Under way" husemwa kuhusu chombo ambacho hakijafungwa gatini, hakijatia nanga wala hakijakwama, na hapo Kiswahili kina mwenzake kamili, kwa kuwa waandishi wetu wa habari husema mashindano au mkutano "umeng'oa nanga". "Plain sailing" ilitokana na "plane sailing", mbinu ya mabaharia ya kukokotoa safari fupi kwa kuichukulia dunia kana kwamba ni bapa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, na wepesi huo ndio uliobaki katika nahau, ambayo hufaa zaidi panapotajwa pia sehemu ngumu iliyotangulia au iliyoepukwa.

Katika "with flying colours", "colours" ni bendera. Meli iliyotoka vitani na ushindi iliingia bandarini bendera zake zikipepea, ilhali iliyosalimu amri ilizishusha. Kwa hiyo nahau hii inadai jaribio: mtihani, ukaguzi, uchunguzi wa afya, usaili. Mtu aliyetajirika taratibu kwa biashara amefanikiwa kwelikweli, lakini hakupita "with flying colours", kwa kuwa hakuna mlango aliotakiwa kupita.

Kiswahili nacho ni lugha iliyokulia pwani. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, kama chombo kinachoyumba, na mpango ukishindikana umegonga mwamba. Mfasiri angeweza kudhani kwamba picha za bahari zitahama kutoka lugha moja hadi nyingine bila tabu, lakini sivyo. Uchumi uliodumaa huelezwa kwa Kiingereza kuwa uko "in the doldrums". Neno hilo lilianza kwa maana ya unyong'onyevu, kisha mabaharia wakalitumia kwa chombo kilichokosa upepo na kwa ukanda wa bahari ulio karibu na ikweta, ambako upepo hufifia na meli za matanga ziliweza kukaa siku nyingi bila kusogea. Bahari isiyo na upepo wala wimbi sisi tunaiita shwari, na mambo yakiwa shwari tunashukuru. Hali moja ya bahari imekuwa amani katika lugha moja na kudumaa katika nyingine, na mfasiri anayefuata picha badala ya maana atawaambia wasomaji wake kwamba uchumi uliokwama umetulia.

Si kila kinachonukia bahari kimetoka baharini, vilevile. Katika methali "time and tide wait for no man", yaani wakati haumngoji mtu, neno "tide" lilikuwa na maana ya zamani ya wakati au majira, ile inayosikika mpaka leo katika "Yuletide", yaani msimu wa Krismasi. Tafsiri zinazoingiza maji kupwa na kujaa zinaeleweka, kwani hata Waingereza wengi wa leo huisikia hivyo, ila kimsingi methali inautaja wakati mara mbili.

Mbio za farasi nitazipitia haraka. Mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali huweza kuteremsha mikono na kulegeza hatamu kabla ya kufika mwisho, na huko ndiko kulikozaliwa "win hands down", ambayo kwa hiyo hudai mpinzani na ushindi mwepesi. Mshindi wa bao moja katika dakika ya mwisho hastahili kuelezwa hivyo. "Home straight", ambayo Wamarekani huiita "home stretch", ni kipande cha mwisho cha uwanja, na hutumika kazi inapokaribia kumalizika hata kama hakuna anayeshindana na mwingine.

Nahau na methali za kutumia fursa zina utajiri zaidi, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi ya kupima ipi inafaa wapi. "Strike while the iron is hot" (piga chuma kingali moto) ni ya mhunzi, na mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer aliitumia tayari katika karne ya 14. "Make hay while the sun shines" (kausha nyasi jua likiwaka) ni ya mkulima anayekausha nyasi za mifugo, nayo imo katika mkusanyo wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546. Zote mbili husemwa kuwa na maana ya kutumia nafasi, lakini chuma hubaki chekundu kwa muda mfupi sana, na aliyekipasha moto ni mhunzi mwenyewe. Jua huwaka kwa siku kadhaa, na mkulima hana mamlaka nalo. Ya kwanza inafaa kwa uamuzi wa mara moja, kama vile kumwomba mkurugenzi fedha za mradi siku aliyousifu. Ya pili inafaa kwa juhudi za mfululizo wakati hali inaruhusu, kama mwanamuziki anayekubali kila mwaliko katika mwaka ambao jina lake limevuma. Wengi hukimbilia "samaki mkunje angali mbichi" kwa zote mbili, ilhali methali hiyo, katika matumizi yake ya kawaida, inahusu malezi.

"A stitch in time saves nine" imepata bahati zaidi. Thomas Fuller aliichapisha mwaka 1732 kwa umbo la tahadhari kidogo, akisema mshono mmoja wa mapema huenda ukaokoa tisa, na "usipoziba ufa utajenga ukuta" inaibeba maana hiyo kikamilifu. Tofauti iliyobaki ni ya sauti tu: Kiingereza kinaahidi akiba, Kiswahili kinaonya kuhusu gharama.

"At the eleventh hour" humpa msemaji wa Kiswahili faida ambayo Mwingereza hana. Kwa kawaida nahau hii huunganishwa na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, ambamo walioajiriwa mwisho kabisa walilipwa sawa na walioanza alfajiri. Saa zinazohesabiwa hapo huanzia kuchomoza kwa jua, kama zetu, hivyo saa yenyewe ni saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kuzama. Mwingereza anayetazama saa ya ukutani huwaza saa tano ya usiku. Wote wawili wanafika penye maana ileile, kwamba muda umebaki kidogo lakini haujaisha, na "dakika za lala salama" inaieleza vizuri.

Kwa ucheleweshaji, swali la kujiuliza ni nani anayelaumiwa. "Put something on the back burner" imetoka kwenye jiko la mafiga kadhaa, ambapo sufuria isiyo ya haraka huwekwa nyuma kwa moto mdogo, hivyo shughuli haijafa na pengine hakuna mwenye kosa. "Put on ice" inaizima kabisa kwa muda. Kiporo chetu kiko karibu na nahau hizi, ingawa chenyewe kilishapikwa, kinangoja kuliwa. "Drag one's feet", kinyume chake, ni shutuma: mtu anaweza kwenda ila anajikokota makusudi. "Kick the can down the road" huwalenga hasa viongozi wanaousukuma mgogoro mbele ili uwakute wengine. Danadana inakaribia hapo, lakini angalia nani anapigwa: kwa Kiingereza kinachopigwa teke ni tatizo, kwa Kiswahili anayepigwa danadana ni mwenye shida, anayerushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Sentensi ikihamishwa, mhusika wake lazima abadilike.

Kosa linaloleta madhara makubwa kuliko yote liko katika maneno mepesi kabisa. Barua inasema "the meeting has been brought forward to Tuesday", na mfasiri anaandika kwamba mkutano umesogezwa mbele hadi Jumanne. Kwa Kiswahili kusogeza mbele ni kuahirisha, na "bring forward" ni kuleta karibu, kufanya mapema. Mkutano uliokuwa Alhamisi sasa uko Jumanne ya wiki hiyohiyo, na msomaji anasubiri Jumanne ya wiki ijayo. Kitenzi "move forward" kinawagawanya hata wenye lugha: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Lera Boroditsky na Michael Ramscar waliwauliza watu mkutano wa Jumatano uliosogezwa "forward" kwa siku mbili utakuwa lini, na wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Kwa hiyo taja siku zote mbili, ya zamani na mpya. Kitenzi "table" kina hatari inayofanana: Mwingereza akiweka hoja mezani anataka ijadiliwe, Mmarekani anataka iwekwe kando. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anasimulia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba walitaka jambo moja.

Kundi la mwisho linahesabu wakati kama fedha. Benjamin Franklin aliandika "time is money" mwaka 1748 akimshauri mfanyabiashara kijana, na hesabu yake ni ya wazi: anayeweza kupata shilingi kumi kwa siku, akakaa bure nusu ya siku hiyo na kutumia peni sita tu kwa starehe, amepoteza pia shilingi tano alizopaswa kuzipata. Tangu hapo na hata kabla, Kiingereza kinatumia, kinaokoa, kinawekeza na kukopa wakati. Vingi vya vitenzi hivyo vinakubalika kwa Kiswahili, lakini "buy time" ikigeuzwa kuwa kununua muda humwacha msomaji akiuliza bei. Balozi anayeomba siku mbili za kushauriana na serikali yake, ilhali jibu analo, anavuta muda. "Kill time" nayo haina ubaya wowote: anayesoma gazeti huku akingoja treni anapitisha muda, na kumwandikia kwamba anapoteza muda ni kumtupia lawama ambayo sentensi ya Kiingereza haikuwa nayo.