Hakupaka rangi mlima

Nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wa usanifu majengo: "Yule mzee aliyepaka rangi mlima jangwani, alikuwa na akili timamu?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo, naliandika.

Mzee huyo ni Leonard Knight, na "mlima" wenyewe, Salvation Mountain, ni kilima alichokijenga kwa mikono yake kabla ya kukipaka rangi. Kiko mlangoni mwa Slab City, makazi ya jangwani nje kidogo ya mji wa Niland, California. Slab City haina umeme wa gridi, bomba la maji wala mfereji wa majitaka. Watu huishi kwenye magari na vibanda, juu ya sakafu za zege zilizoachwa na kambi ya jeshi ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi wageni hujaa. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 na wengi huondoka. Hayo mmeshayaona pichani.

Twende kwenye udongo. Leonard Knight alikuta kingo ya ardhi tupu. Alianza 1984 kwa saruji, akaizidishia mchanga ili imfikishe mbali. Fundi yeyote anajua mwisho wake: 1989 kazi yote ikaporomoka. Hapa naomba msome polepole, jamani. Aliiacha saruji. Akachimba udongo palepale, akaukanda na majani makavu, akaanza upya kukandika, kama bibi zetu walivyokandika nyumba. Na rangi alizoletewa na wageni, tabaka juu ya tabaka, zikawa ngozi ya kuukinga udongo usiyeyuke mvua ikinyesha. Mtu amelisoma kosa lake, amebadili malighafi, amepata kinga, kisha mnaniuliza habari za akili yake! Chuo hakupita, kweli. Ufundi alikuwa nao.

East Jesus, bustani ya sanaa jirani hapo, ni kazi za mikono mingi: vyuma, chupa, ukuta wa televisheni mbovu. Matunzo yake ni mengine kabisa.

Sasa linalonisumbua mimi. Miaka yote nimefundisha kwamba ukuta wa udongo haupakwi rangi za dukani. Hupakwa chokaa, unyevu upate pa kutokea. Pale, ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, rangi ileile ninayoikataza ndiyo iliyoishikilia kazi miongo mingi. Lakini ufa ukitokea, maji huingia yakakosa njia. Nilipiga goti kando ya ufa mmoja: rangi imevimba, udongo nyuma yake umeanza kuachia. Ukiibandua, unaufuta mkono wa Leonard, aliyefariki 2014. Ukipaka juu yake, unafungia maji ndani. Yeye mwenyewe angepaka tu. Sina hakika nani kati yetu yuko sahihi, na wanaojitolea kuitunza hawawezi kuningoja niamue. Kwa sasa nawashauri wakandike kwanza, waache ukauke mpaka ndani, ndipo wapake.

Na ninyi mkienda, pandeni kwa njia ya manjano tu. Kisigino kimoja nje yake kinatosha kufungua ufa.