Kutafsiri mirathi ya Kijerumani kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kila aliyetajwa kwenye wosia ni "beneficiary" (mnufaika).

Chukua wosia wa mama mmoja, wa sentensi mbili. Binti anateuliwa kuwa mrithi pekee, mpwa anaachiwa piano. Kwa Kijerumani binti ni *Alleinerbin*, na piano ni *Vermächtnis*, kitu alichoachiwa mtu asiye mrithi. Ukiwaita wote wawili "beneficiary", umefuta jambo lenyewe. Mama akikata roho tu, kila kitu ni cha binti, madeni yakiwemo, na hata hiyo piano. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 1922 cha BGB, sheria kuu ya kiraia ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 1900. Mpwa bado hana piano. Ana haki ya kumdai binti ampe. Mimi huandika "heir" kwa binti na "legatee" kwa mpwa, hata mteja akinuna kwamba maneno yamezeeka.

Dhana: Lazima awepo "executor" (msimamizi wa wosia).

Hapa ndipo sisi wa Tanzania na Kenya hunaswa upesi, maana mfumo wetu wa mahakama tuliurithi kwa Mwingereza. Mtu akifa, ukoo unakaa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, mahakama inamthibitisha, ndipo mali igawiwe. Mjerumani hana mtu huyo wa katikati. *Testamentsvollstrecker*, mtekelezaji wa wosia, huwepo pale tu marehemu alipoagiza, na hata hapo mali ni ya warithi. Yeye anaisimamia tu. "Executor" wa Uingereza humilikishwa mali kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo *Erbschein*, hati ya urithi, si "grant of probate", yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi. Hati hiyo haimpi mtu mamlaka yoyote mapya, inathibitisha tu kwamba fulani tayari ni mrithi. Andika "certificate of inheritance".

Dhana: *Pflichtteil* ni sehemu ya nyumba au shamba.

*Pflichtteil*, haki ya jamaa wa karibu kama mtoto aliyeachwa nje ya wosia, ni fedha. Mjane ana watoto wawili na mali ya euro 200,000, akamwachia mmoja yote. Bila wosia, yule mwingine angepata 100,000. Sasa anaweza kumdai nduguye nusu yake, yaani 50,000. Hawi mrithi, wala hapati hata chumba kimoja. Aliyezoea mafungu ya mirathi ya Kiislamu asiyachanganye na hili. "Compulsory portion" ndiyo tafsiri iliyozoeleka, ila hilo "portion" linapotosha, kwa hiyo huwa naongeza tanbihi.

Dhana: Wosia usio na mashahidi umepotea ukurasa.

Uingereza inadai mashahidi wawili tangu sheria ya 1837. Ujerumani, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa saini unatosha.

Dhana: Ukikaa kimya, hujarithi.

Neno "accept" humfanya msomaji wa Kiingereza afikiri kuna fomu ya kujaza. Kinachohitaji tendo ni kukataa, *Ausschlagung*: wiki 6 kuanzia mrithi alipojua, au miezi 6 ikiwa wakati huo alikuwa nje ya nchi. Zikipita, yake ni mali na madeni pia.