Porsche 911 za maadhimisho: unalipia injini au unalipia kumbukumbu?

Septemba 1963, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, Porsche iliweka hadharani gari la milango miwili lenye injini nyuma, likiitwa 901. Peugeot ikapinga, maana nchini Ufaransa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ilikuwa imeshayamiliki, na gari likaingia sokoni kwa jina la 911. Jina hilo limebaki mpaka leo. Tangu 1993, kila muongo ukitimia kiwanda hutoa toleo maalumu, na matoleo mawili ya karibuni, la 2013 na la 2023, yameletwa na mavazi ya kizamani: saa za dashibodi zenye maandishi ya kijani, viti vya kitambaa, rangi na nembo za enzi zile. Bei nayo hupanda juu ya ile ya 911 ya kawaida.

Nayapenda magari haya kwa dhati. Ndiyo sababu inaniuma kuona watu wakiyanunua, au wakiyadharau, kwa hoja ambazo hazina ukweli.

"Ni 911 ile ile, wamebandika nembo tu"

Hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi, na jibu lake linategemea unazungumzia toleo lipi.

Toleo la miaka 50, la mwaka 2013, chini yake ni Carrera S, moja ya 911 za kawaida: injini ya lita 3.8, nguvu za farasi 400. Fundi akilipandisha kwenye jeki atakutana na mashine anayoijua. Kilichobadilika ni bodi. Walichukua mwili mpana wa Carrera 4, ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, lakini nguvu zikabaki kwenda magurudumu ya nyuma peke yake. Rimu za inchi 20 zilichorwa kwa kufuata zile za Fuchs zilizoipamba 911 mwishoni mwa miaka ya 60, grili ya injini ikapata vipande vya kromu, na ukikaa ndani unakuta mishale myeupe ya saa ikiwa na kofia ndogo za rangi ya fedha katikati, na viti vyenye kitambaa cha vimiraba kama cha zamani. Kazi imefanywa kwa mkono mzuri, sina ubishi hapo.

Marekani liliuzwa kuanzia dola 124,100, wakati Carrera S ya kawaida ilikuwa chini ya dola 100,000. Tofauti hiyo haikuwa urembo mtupu. Ndani yake mlikuwa na taa zinazogeuka kufuata kona na ekzosi ya michezo, vitu ambavyo mnunuzi wa Carrera S alivilipia pembeni. Lakini haukupita muda mrefu ikaja Carrera GTS: bodi pana ile ile, nguvu za farasi 430, bei ya kuanzia dola 114,200, na bila ukomo wa idadi. Kwa mtu aliyetaka gari la kuendesha, mjadala uliishia hapo. Aliyelipa zaidi kwa toleo la maadhimisho alikuwa amelipia kitambaa, kromu na namba ya toleo lenye ukomo.

S/T ya 2023, iliyotolewa kwa miaka 60, ni jambo jingine kabisa. Ina injini ya lita 4.0 isiyo na turbo, nguvu za farasi 525, inayozunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Ni injini ya GT3 RS, 911 iliyoundwa kwa ajili ya viwanja vya mashindano, na kwenye GT3 RS yenyewe hupati ila gia za PDK zinazojibadili. S/T ndiyo iliyoifunga na gia ya mkono ya hatua sita, tena yenye uwiano mfupi kuliko wa GT3. Klachi na gurudumu zito la nyuma ya injini vimepunguzwa uzito, hivi kwamba uzito unaozunguka umeshuka kwa kilo 10.5. Anayejua kuendesha gari la gia za mkono anaelewa maana yake: ukigusa mafuta, mshale unaruka papo hapo, na ukiachia unashuka papo hapo. Boneti, paa, milango na mabawa ya mbele ni ya nyuzi za kaboni, rimu ni za magnesi, vioo ni vyembamba, na mfumo wa kugeuza magurudumu ya nyuma umetolewa. Gari zima lina kilo 1,380. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye S/T mavazi ya kizamani ni ya hiari. Rangi ya bluu ya Shore Blue, namba ya mashindano mlangoni, viti vya kitambaa cha rangi ya konyaki, vyote vinakuja kwenye kifurushi cha kuongeza. Unaweza kuchukua S/T isiyo na hata kimoja, na bado ukawa na kila kitu kinacholifanya gari hilo lisifiwe. Kwa hiyo anayesema "wamebandika nembo tu" amesema nusu ya kweli kuhusu gari la 2013. Kuhusu la 2023 amekosea.

"Yako 1,963 tu duniani, lazima liwe adimu"

Toleo la 2013 lilikuwa magari 1,963. S/T nayo ni magari 1,963. Ukirudi nyuma hadi 2003, toleo la miaka 40 lililojengwa juu ya 996, kizazi cha 911 cha wakati huo, lilikuwa magari 1,963 pia. Namba hiyo ni mwaka wa kuzaliwa kwa 911, basi. Haikutokana na uhaba wa mafundi wala wa malighafi. Vivyo hivyo toleo la miaka 50 ya 911 Turbo, lililotoka 2024, lina magari 1,974, kwa kuwa Turbo ya kwanza ilionyeshwa rasmi mwaka 1974.

Uadimu sokoni unapimwa kwa kulinganisha magari yaliyopo na watu wanaoyataka. Gari la 2003 linathibitisha hilo. Lilikuwa na nguvu za farasi 345 badala ya 320 za kawaida, kifaa cha kugawa nguvu kati ya matairi ya nyuma, na rangi ya fedha ya GT. Lakini kwa miaka mingi 996 ilichukiwa kwa sababu ya taa zake za mbele na kwa kuwa ndiyo 911 ya kwanza kupozwa kwa maji, kwa hiyo toleo lake la maadhimisho lilikaa sokoni bila kugombaniwa. Idadi ile ile, hatima tofauti.

"Toleo maalumu halina magonjwa ya gari la kawaida"

Linayo. Hilo hilo la 2003 linabeba injini ya familia ya M96, inayojulikana kwa bearing ya shafti ya kati. Bearing hiyo ikifa inatawanya vipande vya chuma ndani ya injini, na mara nyingi injini nzima inakwenda nayo. Namba iliyochongwa kwenye kibao haiizuii. Ukitaka kununua, dai ushahidi kwamba bearing imekaguliwa au imebadilishwa, na mwambie fundi afungue chujio la oili atazame kama mna vumbi la chuma.

"Ukilipata, umepata faida"

S/T iliuzwa Marekani kuanzia dola 290,000. Baada ya muda mfupi yakaonekana matangazo ya kuyauza tena kwa bei inayokaribia au kupita mara mbili. Watu wakaona hayo wakasema: hili si gari, ni uwekezaji.

Swali ni nani aliyeuziwa kwa dola 290,000. Gari la namna hii halipangwi kwenye yadi ukachague. Wakala humwita mteja wake wa muda mrefu, aliyekwisha kununua magari mengine kadhaa, na yeye ndiye hupewa nafasi. Porsche yenyewe iliona ulanguzi unakuja, ikaamua kwamba Marekani mteja atalikodisha gari kwa mwaka wa kwanza kabla ya kulimiliki, ili asiligeuze bidhaa siku ya pili. Wewe unayelikuta kwenye tangazo kwa nusu milioni ya dola uko upande wa pili wa biashara hiyo. Faida imeshaliwa, na mkononi unapewa matumaini kwamba atatokea mwingine wa kulipa zaidi yako. Hapo bado hujaweka bima, hifadhi na huduma.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hesabu ina mkunjo mwingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo lile la 2013 limeshafungiwa mlango kwa njia ya kawaida. Tanzania gari kuukuu linaingia, ila linakutana na ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Bei ya mnada wa Ulaya au Japani ni mwanzo tu wa safari.

"Rangi za zamani ni kumbukumbu ya ushindi"

Hii inatugusa moja kwa moja huku kwetu. Porsche ilipotoa 911 Dakar mwaka 2022, toleo la magari 2,500 ambalo kwa jina si la maadhimisho lakini biashara yake ni ile ile ya kuuza kumbukumbu, iliweka mapambo matatu ya hiari yanayoiga magari yake ya Safari Rally ya Afrika Mashariki: ya 1971, ya 1974 na ya 1978. Wengi wakiyaona hudhani ni rangi za mabingwa.

Sivyo. Mwaka 1971 Safari ilichukuliwa na Edgar Herrmann kwa Datsun 240Z. Mwaka 1974 Joginder Singh, Mkenya, alishinda kwa Mitsubishi Lancer, na Björn Waldegård akawa wa pili na 911 yake. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504, na Vic Preston Jr, Mkenya mwingine, akafika wa pili akiwa na 911. Porsche ilikuja na pesa, mafundi na madereva wa hali ya juu, na tope la Afrika Mashariki halikuiruhusu kupita nafasi ya pili. Ilisubiri mpaka 2011, kwenye Safari Classic ya magari ya zamani, ndipo Waldegård akashinda na 911, mwanawe Mathias akiwa msoma ramani.

Kwangu mimi hadithi hiyo inayapa mapambo yale uzito zaidi. Kumaliza wa pili kwenye Safari ya enzi zile, maelfu ya kilomita za vumbi na mito iliyofurika, ni heshima kubwa. Ila ukilipia rangi hizo, zilipie ukijua zinasema nini. Mwenye kutaka mwonekano wa gari lililoshinda kweli, Datsun 240Z ilichukua Safari 1971 na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta.

"Afadhali ununue la zamani lenyewe"

911 ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 2.0 na nguvu za farasi 130. Ni gari la kupendeza mno, na pia ni gari lisilo na mifuko ya hewa, lenye bodi inayoliwa na kutu mahali usipopaona. Anayelinganisha la zamani na la maadhimisho kwa bei peke yake analinganisha vitu viwili visivyofanya kazi moja.

"Gari kama hili haliendeshwi, linatunzwa"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Gari lililolala ndani ya turubai linazeeka: betri inakufa, raba za kuzuia oili zinakauka, maji ya breki yanavuta unyevu, tairi zinabonyea upande uliogusa sakafu. S/T imepunguzwa kilo moja moja ili itembee kwenye kona, na mwenye kuifungia amelipia klachi ambayo mguu wake hautaijua.

Ukilikuta la 2013 lenye kilomita chache sana, usishangilie kwanza. Omba kumbukumbu za huduma za kila mwaka, hata ile miaka ambayo gari halikutoka. Kisha inama usome tarakimu nne pembeni mwa tairi. Zikisomeka 2413, tairi hizo zilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2013, na bei ya seti mpya iingie kwenye mazungumzo kabla hamjashikana mikono.