Je, wajua kwa nini hamri la mwaka 2050 huenda likakushibisha bila kukulisha?

Asubuhi Malindi, kabla jua halijakaza, kuna mama mmoja hukaanga mahamri kando ya njia, na iliki yake hunukia mpaka ng'ambo ya barabara. Ukimwamkia atakuuliza neno moja tu: "Na mbaazi?" Sijawahi kuzikataa. Siku moja nilimwambia kuwa wataalamu wamepima ngano wakakuta hewa ukaa, ile gesi inayobadilisha hali ya hewa, ikizidi, zinki ndani yake hupungua kwa karibu asilimia 9. Maana yake mtu atakula mahamri 11 ndiyo apate zinki ya 10 ya leo. Akageuza hamri kwenye karai, akacheka.

"Basi kwangu mimi si neno, mwanangu. Na wale hayo kumi na moja."

Kibiashara ana haki. Ila zinki ndiyo inayomsaidia mtoto kukua na kupambana na maradhi, na mtoto wa miaka miwili akishashiba hamri moja, huwezi kumsemesha habari za asilimia ale na kipande cha pili.

Hesabu ile nilikuwa sikuitunga. Mwaka 2014 Samuel Myers wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa Japani, Australia na Marekani. Shamba la wazi huzungushiwa mabomba yanayopuliza hewa ukaa juu ya mimea, na kipimo hurekebishwa kadiri upepo unavyogeuka. Jirani yake kuna shamba la mbegu ileile lisiloongezewa kitu. Wakavuna kote kuwili, wakapima. Ngano iliyokulia kwenye hewa ukaa ya takriban sehemu 550 kwa milioni ilipungukiwa na zinki kwa asilimia 9.3, protini 6.3 na madini ya chuma 5.1. Mchele nao ulipoteza protini asilimia 7.8. Kabla ya enzi za viwanda hewa yetu ilikuwa na sehemu kama 280. Sasa imepita 420, na kwa mwendo huu mtoto aliye chekechea leo ataiona hiyo 550 akiwa bado na nguvu zake.

Sasa kwa nini? Hewa ukaa si ndiyo riziki ya mmea? Ndiyo, na hapo ndipo penye mtego. Mmea ukiipata kwa wingi hutengeneza wanga kwa wingi, na mavuno huweza hata kuongezeka. Lakini madini hayatoki hewani, yanatoka ardhini, na ardhi haikuongezewa chochote. Mpishi yeyote wa Pwani analijua jambo hili kwa mkono wake: kasimile ukiitia maji, sufuria hujaa, lakini nazi uliyokuna ni ileile moja.

Kuna na sababu ya pili, ambayo mimi naiona tamu zaidi. Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Hufunguka kuvuta hewa ukaa, na papo hapo maji hutoroka kwa mvuke. Hewa ukaa ikiwa tele, jani halina haja ya kuacha milango wazi, kwa hiyo hupoteza maji machache, na mizizi nayo huvuta machache. Lakini ni maji hayohayo yanayobeba sehemu ya madini kutoka kwenye udongo. Fikiria Lamu punda wamepunguziwa safari: mizigo imejaa gatini, madukani haifiki. Wataalamu wangali wanabishana ni sababu ipi yenye uzito zaidi, na kila zao lina tabia zake.

Tabia hizo ndizo zilizonirudisha kwenye bakuli la mbaazi. Jamii ya kunde ina vinundu kwenye mizizi, na ndani yake wanaishi bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Nitrojeni ndiyo malighafi ya protini. Kwa hiyo soya na njegere zilipopimwa, protini yake haikutikisika sana, ingawa zinki na chuma vilishuka. Mbaazi ni wa ukoo huo. Ukila hamri kwa mbaazi, basi, unakula mmoja mnyonge na mwenzake aliyejitegemea.

Ukoo mwingine uliosimama imara ni wa mtama na mahindi. Hii ina mtambo wake wa ndani unaosukuma hewa ukaa mpaka mahali inapohitajika, kwa hiyo ilikuwa imeshiba tangu mwanzo, na nyongeza haiibadilishi sana. Muwa umo kundini, na mchicha pia, huo huo unaojiotea nyuma ya nyumba pasipo mtu kuupanda. Nikikumbuka kuwa katika karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala la mtama, uliolimwa kwa jasho la watumwa na kupakiwa majahazini hadi Uarabuni, na kwamba mkate wa mofa wa Lamu asili yake ni unga wa mtama, naona tumeuhama mtama kuingia kwenye ngano na mchele kwa wakati mbaya kidogo.

Mchele ndio unaonitia wasiwasi kuliko ngano. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya aina 18 za mpunga zilizojaribiwa Japani na China kwa njia ileile ya mabomba. Safari hii, kwa zile za China, walipima na vitamini za kundi B. Vitamini B1 ilishuka kwa asilimia 17, na folati, ile ambayo mjamzito huhimizwa kliniki aipate ya kutosha ili uti wa mgongo wa mtoto ujengeke sawasawa, ilishuka kwa asilimia 30. Yaani folati ya sahani 10 za wali wa leo utaitafuta kwenye sahani 14, na bado hujaimaliza. Penye samaki na mboga pengo huzibika. Penye wali mkavu na chai ya rangi, halizibiki.

Ngano angalau ina mlinzi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze madini na vitamini kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti, zinki na chuma zikiwamo. Kwa hiyo utani wangu pale kwenye karai ulikuwa na kasoro: unga wa yule mama huenda umeshatiwa kinachopungua. Mchele haumo kwenye sheria hiyo.

Na hewa ukaa si mkosaji pekee. Ukame nao una yake. Mhogo ukikosa mvua huzidisha sumu yake ya asili ya sianidi, hasa ule mchungu, na njaa ikibana watu hufupisha kazi ya kuuloweka na kuuanika. Kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1981, baada ya ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa sababu hiyo, wengi wao wanawake na watoto.

Nilirudi kumweleza mama habari ya vinundu na bakteria. Ilikuwa saa moja na nusu. Mahamri yalikuwa yamebaki nusu beseni, ila sufuria ya mbaazi ilikuwa imeshaoshwa na kufunikwa kifudifudi.

"Umechelewa," akasema. "Hizi kila siku ndizo za kwanza kwisha."